Siku moja maishani mwangu: nukta 220 za joto na tanuru moja la Jinja

Saa 1 asubuhi

Natoka Walukuba kwa bodaboda kabla malori ya miwa hayajajaa barabarani. Karakana yetu hapa Jinja inafufua vyuma vizito vya viwandani: shafti zilizokatika, fremu zilizopasuka, vitovu vya magurudumu makubwa. Mafundi wanachomelea. Mimi natunza mfumo wa kompyuta unaoendesha tanuru la umeme lililoko nyuma ya karakana.

Chuma kikishachomelewa hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo ndio unaomrudisha mteja baada ya miezi kadhaa na ufa mpya kando ya mshono. Dawa yake ni kukipasha hadi nyuzi 600 au 650 za Selsiasi, kukiacha kwenye joto hilo kama saa moja kwa kila milimita 25 za unene, halafu kukipoza taratibu. Ukikipoza kwa haraka, nje inatangulia kupoa huku ndani bado kuna moto, na mkazo ule ule unarudi. Kwa hiyo tanuru halitaki kuambiwa joto moja tu. Linataka orodha nzima, nukta moja kwa kila dakika tano, tangu kuwashwa hadi kufunguliwa. Kuifikisha orodha hiyo salama ndiyo kazi yangu.

Saa 2 kasoro robo

Mzee anayesimamia tanuru ananisubiri mlangoni.

"Habari za kulala, Mzee?"

"Nzuri, Injinia. Lakini ile programu ya kitovu imegoma. Skrini imeleta rangi ya hitilafu na tanuru halikuwaka kabisa."

Fremu ya milimita 50 ilipita bila shida. Kitovu hiki kina unene wa milimita 100, kwa hiyo programu yake ni ndefu zaidi: kupanda hadi nyuzi 300, kutoka hapo hadi 620 kwa nyuzi 55 kwa saa, kukaa saa nne, kisha kushuka kwa mwendo ule ule. Jumla ni zaidi ya saa 18, yaani nukta 220.

Namwambia Mzee kwamba kutowaka ni habari njema. Mfumo ulikuwa na shaka ukakataa kuanza, na ndivyo tulivyoupanga.

Saa 2 na nusu

Mfumo wenyewe ni EPICS, programu ya kuendesha mitambo kwa kompyuta. Ulianzia Marekani kwa ushirikiano wa maabara za Los Alamos na Argonne, ukakulia kwenye viharakishi vya chembe. Leo unatumika Diamond kule Uingereza, SESAME kule Jordan, na hapa Afrika uko iThemba LABS, Afrika Kusini. Ni wa bure, msimbo wake uko wazi, na unatosha vizuri kwenye kompyuta ndogo ya Linux. Hauna seva kuu ambayo ikianguka kila kitu kinazima. Kila kompyuta inabeba rekodi zake, yaani vipande vidogo vyenye jina, kila kimoja na data na kazi yake, na kuzitangaza kwenye mtandao, na anayezihitaji anazitafuta kwa jina. Tuna kompyuta moja kando ya tanuru na nyingine ofisini. Ya ofisini ikizimwa, tanuru halina habari.

Safu ya joto, yaani ile orodha ya nukta, inapita kwenye rekodi nne. Mzee anaandika programu kwenye TANURU:OMBI. Rekodi ya pili, TANURU:KAGUA, inaikagua. Ya tatu, TANURU:PROG, ni ya aina ya aao, yaani rekodi ya kutoa safu, na ndiyo inayoituma kwenye kidhibiti cha tanuru kwa waya wa RS-485. Ya nne, TANURU:IDADI, inafuata kwa kutuma namba moja tu: idadi ya nukta. Kidhibiti hakiwashi koili hata moja mpaka namba hiyo ifike na ilingane na kilichopokelewa.

Nafungua hali ya TANURU:PROG. Imeandika TIMEOUT, na uzito wake ni INVALID, yaani batili. Maana yake safu ilitumwa, jibu likasubiriwa, jibu halikufika kwa wakati.

Saa 4 asubuhi

Tuna kijana wa mafunzo kutoka chuo cha ufundi. Anauliza maswali yanayofaa, nami siwezi kuyapitia juujuu, kwa sababu siku moja atakuwa peke yake na tanuru hili.

"Dada, kwa nini usitumie waveform kila mahali? Nayo si inabeba safu?"

Inabeba. Lakini waveform, aina nyingine ya rekodi ya safu, ina fildi (sehemu ya mipangilio) ya INP, imetengenezwa kwa kusoma. Aao ina OUT, ya kutoa. Anayefungua faili baada yetu anajua papo hapo data inaelekea wapi, na kwenye mashine inayofika nyuzi 600 nataka mwelekeo uonekane bila kubahatisha.

Tunakaa na faili yenyewe ya rekodi. Fildi mbili zinaamuliwa kabla ya kuwasha na hazibadiliki mfumo ukishasimama: NELM, nafasi ya vipengele vingi iwezekanavyo, na FTVL, aina ya kila kipengele. Usipoandika NELM unapata 1. Usipoandika FTVL unapata STRING, maandishi ya baiti 40 kwa kila nukta, na joto lako limegeuka maneno. Sisi NELM ni 288, kwa kuwa siku nzima ina vipindi 288 vya dakika tano na hakuna kazi yetu inayozidi siku. FTVL ni FLOAT, baiti nne kwa nukta. Zote pamoja ni baiti 1,152, na mpaka wa kawaida wa safu kwenye Channel Access, itifaki ya mtandao ya EPICS, ulikuwa baiti 16,384 kwenye matoleo ya zamani. Tuko mbali nao. Angetaka nukta kwa kila sekunde, siku nzima ingekuwa na nukta 86,400, na hapo angelazimika kuujua mpaka huo vizuri.

Fildi ninayoipenda kuliko zote ni NORD. Inasema ni nukta ngapi zilizoandikwa kweli. Namwonyesha kwa mkono: naandika nukta 220 kwenye nakala ya majaribio, kisha naandika 113 za fremu juu yake. NELM imebaki 288. NORD imeshuka hadi 113. Lakini kwenye kumbukumbu, kuanzia nukta ya 114, mkia wa programu ya kwanza bado umelala pale pale.

"Kwa hiyo tanuru likisoma bila kujua pa kuishia..."

"Litamaliza fremu, halafu liendelee na joto la kitovu."

Amenyamaza kidogo. Ndiyo sababu ya TANURU:IDADI. Ni longout, rekodi ya kutoa namba nzima. OMSL yake ni closed_loop, yaani inajichukulia thamani yenyewe, na DOL yake, anwani ya kuichukulia, inasoma TANURU:PROG.NORD ikiwa na alama ya MS, ili ugonjwa wa rekodi inayosomwa uhamie kwake. Fildi ya IVOA nimeiweka isitoe chochote ikiwa hali ni INVALID. Jana safu ilipopata TIMEOUT, FLNK, kiungo cha rekodi inayofuata, iliendelea kuiamsha IDADI kama kawaida, IDADI ikaona hali ni mbaya, ikakaa kimya. Tanuru likabaki baridi.

Saa 5 na nusu

Sasa, kwa nini fupi inapita na ndefu inagoma? Kabla ya kugusa chochote nawasha ufuatiliaji wa asyn, sehemu inayozungumza na vifaa, kwenye dirisha la mfumo, niyaone mazungumzo ya waya yenyewe. Tanuru nimeliondolea umeme mkubwa, kimebaki kidhibiti tu.

Safu inaondoka: herufi baada ya herufi, 620.0 na mkato, 620.0 na mkato. StreamDevice, programu inayogeuza data kuwa maandishi ya kifaa, inaweka kitenganishi kati ya vipengele kama ilivyoelekezwa kwenye faili ya itifaki. Kisha TIMEOUT inajitokeza. Na baada yake kidogo, kidhibiti kinajibu SAWA 220.

Kidhibiti hakijakataa kitu. Kimejibu, na kimejibu vizuri, ila kimechelewa.

Tunachukua karatasi. Nukta moja ni herufi sita pamoja na mkato. Mara 220, karibu herufi 1,320. Waya unakwenda kwa biti 9600 kwa sekunde, na kila herufi inabeba biti kumi, kwa hiyo zinapita herufi 960 kwa sekunde. Safu ya kitovu inahitaji karibu sekunde 1.4 kufika yote. Ya fremu, sekunde 0.7. StreamDevice usipoiambia vingine inasubiri jibu kwa milisekunde 1,000. Linux inapokea safu yote kwenye bafa yake mara moja na kusema imeshatuma, saa ya kusubiri inaanza kuhesabu, kumbe herufi bado zinatiririka wayani. Fremu inawahi, kitovu hakiwahi.

Naandika ReplyTimeout = 3000 kwenye itifaki. Safu ikijaa nukta zote 288 itahitaji sekunde 1.8, kwa hiyo nafasi ipo. Kijana ananakili hesabu kwenye daftari lake bila kuambiwa.

Saa 7 mchana

Kikomando kwa mama wa nje ya geti, chapati zimekatwa na maharage juu. Mvua ya ghafla. Tunarudi.

Saa 8 mchana

Jambo ambalo watu wengi wakitoka kwenye rekodi ya ao, inayotoa namba moja tu, hawalitegemei: ao ina DRVH na DRVL, mipaka inayozuia thamani isitoke nje. Aao haina. Ina HOPR na LOPR, lakini hizo ni za kuiambia skrini ichore kipimo chake vipi. Ukiandika nyuzi 6200 badala ya 620, aao itazituma. Ulinzi inabidi uujenge mwenyewe, nami naona hapa ndipo mtu anapopimwa kama anajali anachokiendesha.

Kwetu anayelinda ni TANURU:KAGUA, rekodi ya aSub yenye kifungu kidogo cha msimbo wa lugha ya C. Kinapitia nukta moja moja: hakuna inayozidi 650, na juu ya nyuzi 300 hakuna hatua inayozidi kipimo cha unene uliotajwa. Kwa kitovu ni nyuzi 4.6 kwa dakika tano, kupanda au kushuka. Nukta moja ikivunja sheria, kifungu kinarudisha namba hasi, na aSub ikipata jibu lisilo sifuri haisukumi matokeo yake kwenye OUTA, njia yake ya kutoa. TANURU:PROG haipokei kitu. BRSV inaamua uzito wa hitilafu itakayomfikia Mzee.

Leo nimemwachia kijana aandike majaribio. Amewasha SIMM, hali ya kuigiza, ili PROG iandike pembeni badala ya kwenye waya, kisha akaleta programu mbaya za kila namna: yenye 6200, yenye mruko wa nyuzi 40, na tupu kabisa. Zote zimekataliwa. Nimemwongezea la mwisho: afute NOA, nafasi ya nukta zinazoingia, kwenye aSub aone. NOA isipoandikwa ni 1, kwa hiyo ukaguzi unaona nukta ya kwanza peke yake. Safu imepungua ikawa nyuzi 25, imesifiwa kuwa salama, imepita. Ameirudisha 288 haraka. Tangu leo kifungu cha C kinalinganisha pia idadi ya OMBI na NEA, idadi iliyosomwa kweli, kabla ya kukubali, na wazo hilo ni lake.

Juu ya yote haya kuna kikata joto cha waya chenye themokapo (kipimajoto) yake, kisichoijua kompyuta yoyote. EPICS si mfumo wa usalama, na hatuitumii kama ndio usalama.

Saa 10 alasiri

Umeme umekatika na kurudi. Kompyuta ya tanuru ina betri, lakini tumeamua kuizima kwa makusudi tuone inaamkaje. Autosave, programu inayohifadhi thamani za rekodi, imerudisha safu ya mwisho kwenye kumbukumbu, sawasawa. PINI, fildi inayoamua kama rekodi ijiendeshe mfumo unapoamka, kwa TANURU:PROG ni NO na itabaki NO. Ingekuwa YES, kila mfumo unapoamka ungelituma joto la jana kwenye tanuru la leo, na huenda kuna mtu amechuchumaa ndani akifagia majivu ya kutu.

Saa 11 na robo jioni

Kitovu kimeingizwa, mlango umefungwa, Mzee amezunguka tanuru akiangalia mwenyewe. Anaandika programu. KAGUA imekubali. PROG imetulia kwa sekunde moja na kitu, jibu SAWA 220 limefika. IDADI imetuma 220. Kontakta zimelia, koili zimeanza.

"Imekubali, binti yangu."

"Imekubali, Mzee. Kesho itaisha karibu saa 6 mchana. Usifungue kabla."

Saa 1 usiku

Joto halisi linafuata safu kwa tofauti ya nyuzi mbili tatu. Nimeweka mabadiliko kwenye Git, hifadhi ya msimbo wetu: mstari mmoja wa itifaki, ukaguzi mpya wa idadi, na majaribio ya kijana yakiwa na jina lake. Kwenye kitabu cha zamu nimemwandikia mlinzi wa usiku namba mbili za kuangalia na namba yangu ya simu.

Kidhibiti kinakubali kasi ya 38400. Kwa kasi hiyo safu iliyojaa itapita chini ya nusu sekunde, nami naitaka. Lakini laini hiyo haiguswi tanuru likiwa na moto, kwa hiyo itasubiri kitovu kitoke.