Kitambaa Nilichokikata Januari

Jumapili usiku. Stima imerudi sasa hivi, chai imepoa kando ya cherehani, na nina gauni la kufumua kabla ya kulala.

Leo ni wiki ya kumi na mbili mizani ikizunguka 84. Kuna wiki moja ilisema 84.3, nikanuna siku nzima. Wiki iliyofuata ikarudi 84, nikafurahi kama mtu aliyelipwa deni, kumbe nimerudishiwa changu tu.

Kijana anayepima watu uzito kando ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru amenizoea. Bei yake shilingi 20. Mwanzoni alikuwa akiisoma namba kwa sauti, wapita njia wakasikia na kunipongeza. Siku hizi ananionyesha kwa kidole tu, kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni. Juzi alikataa hata pesa. "Wacha tu, mathe, hakuna kitu imebadilika." Nilimlipa kwa lazima. Huruma ya kijana wa miaka ishirini haivumiliki.

Nilianza Januari nikiwa kilo 94, na presha imeanza kunitembelea. Niliacha sukari kwenye chai. Niliacha mandazi ya saa nne. Ugali nikaupunguza ukawa wa ngumi moja, ngumi yangu si ya mzee wangu. Asubuhi tano kwa wiki nikawa napanda barabara za Milimani, zile zinazoelekea kreta ya volkano ya Menengai, kilomita 5 kwenda na kurudi, na jirani yangu ambaye haongei kabla ya saa moja, jambo ninalomshukuru Mungu kwalo. Jumamosi moja ya Machi tulifika mpaka ukingoni kabisa, mita 2,278 juu ya bahari, tukasimama tukitazama mvuke ukipanda kutoka chini ya kreta. Nilikuwa nahema, lakini sikuwa nimekaa chini hata mara moja njiani. Siku hiyo niliamini hakuna kilo itakayonishinda.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa zimeondoka kilo nne. Siku hizo nilikuwa naongea sana, nawashauri watu. Ni baadaye nilipoambiwa kwamba nyingi ya hizo zilikuwa maji: sukari ambayo mwili huiweka akiba kwenye ini na misuli hukaa na maji kama mara tatu ya uzito wake, na akiba hiyo ikitumika, maji nayo yanakwenda. Sikupenda kuambiwa. Kufikia katikati ya Mei nilikuwa 84. Halafu kimya.

Nilifanya kila kosa ambalo mtu hufanya kwenye kimya hicho. Niliruka chakula cha jioni, nikaamka saa nane usiku na kula ukoko wa ugali nimesimama gizani. Niliongeza kilomita mbili, goti likalalamika. Nilinunua majani fulani sokoni Wakulima kwa mama aliyeniapia kwamba yanasafisha mafuta. Yalichosafisha nakijua mimi na choo cha ploti.

Aliyenifungua macho ni mteja, msichana anayesomea lishe kule Egerton. Alikuja kupunguziwa sketi, akanikuta nimekasirika, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kilo kumi ni kitu gani hapa nyumbani kwako?" Nikatazama huku na huku. Mtungi wa maji wa lita kumi ulikuwa pale mlangoni.

"Huo," akasema. "Januari ulikuwa unapanda Milimani ukiwa umeubeba. Sasa umeutua. Mlima ni uleule lakini kazi imepungua."

Kesho yake niliubeba kweli, nikapanda nao ngazi za ploti hadi orofa ya tatu. Kufika juu mkono ulikuwa unatetemeka na moyo unapiga kama cherehani ya ovaloki. Na huo ni dakika mbili, mimi nilikuwa nao usiku na mchana, miaka. Mwili wa kilo 94 ulikula moto mwingi hata ukiwa umelala. Huu wa 84 unahitaji kidogo, na chakula kilichokuwa kinanipunguza Mei ndicho kinachonitosha sasa. Tena mwili unabana matumizi kuliko hata hesabu hiyo inavyodai. Kuna homoni, leptini, inayotoka kwenye mafuta yenyewe. Mafuta yakipungua nayo inashuka, na ubongo unapiga kelele za njaa. Msichana akanisimulia habari za Wamarekani 14 waliopungua sana kwenye shindano la televisheni. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwapima tena baada ya miaka 6, wakachapisha matokeo 2016: wengi walikuwa wamenenepa tena, na bado miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa. Nikamwambia dada, wewe umekuja kupunguziwa sketi au kuniua?

Akacheka. Halafu akauliza kama naandika ninachokula. Nikamtolea daftari kwa kiburi.

Sasa hapa niseme kitu ambacho kila fundi wa nguo anakijua. Mteja ukimzungushia mkanda kiunoni, anavuta tumbo ndani. Wote hufanya hivyo, mabibi harusi, walimu, mke wa mchungaji. Si uongo wa makusudi, tumbo lenyewe linaona mkanda unakuja na linajificha. Kwa hiyo ninasubiri. Namuuliza habari za watoto, na akianza kujibu, namwambia, "Pumua, mama." Hapo ndipo ninaandika. Ukiandika kabla hajapumua, gauni litarudi Jumatatu na lawama.

Daftari langu la chakula lilikuwa limevuta tumbo ndani. Sukuma wiki ilikuwemo, mafuta hayamo. Ugali umo, ukoko haumo. Chai imeandikwa "chai", kana kwamba ni maji ya moto, ilhali nachemsha maziwa matupu, na kila mteja akija tunakunywa. Njugu za shilingi 20 za yule mzee anayepita saa kumi hazikuandikwa popote, kwa sababu nilizila nikishona, na mikono ikiwa na kazi mdomo hauhesabiwi.

Nikaamua wiki moja ya kupumua. Jumatatu jioni nikatoa kijiko kikubwa, kile cha supu, nikamimina mafuta kwenye sufuria kwa jicho kama kawaida, kisha nikayachota kurudisha kikombeni kabla moto haujawaka, nikihesabu. Vijiko sita. Sukuma wiki ya watu watatu. Kijiko kimoja kina kama kalori 120. Nilikaa kwenye stuli ya jikoni. Matembezi yangu yote ya asubuhi, kilomita 5, jirani bubu, mbwa wa Milimani wanaobweka nyuma ya mageti, ni kama kalori 300. Vijiko viwili na nusu. Nilikuwa napanda mlima alfajiri na jioni nateleza kurudi kwenye sufuria.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilipunguza mafuta na mizani ikatii. Nilipunguza. Vijiko viwili, mboga inalia kidogo lakini inaiva. Njugu nimeacha siku za kazi. Wiki ya kwanza ilisema 83.5, ya pili 83.7, na juzi ndiyo hiyo 84 aliyonisamehe kijana. Msichana wa lishe anasema nisitazame siku, nitazame mwezi, maana maji peke yake huyumbisha mizani kilo moja au mbili, chumvi, joto, siku za mwezi. Mzee wangu anasema nimetosha. Amekuwa akisema hivyo tangu kilo 94, kwa hiyo ushahidi wake haukubaliki kortini.

Presha lakini imeshuka. Nililiandika hilo kwa herufi ndogo pembeni mwa daftari, na leo nimejiuliza kwa nini ndogo.

Naijua sababu. Iko hapa mezani mbele yangu.

Januari, wiki ileile niliyoanza, nilinunua kitenge cha harusi ya mpwa wangu, itakayokuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Rangi ya kijani na maua ya dhahabu, pisi nzima. Kuna wateja huniambia, "Fundi, kata kiuno 34, kufikia Krismasi nitakuwa nimepungua." Huwa nakataa. Nawaambia mimi nashonea mwili uliosimama mbele yangu, ule mwingine sijakutana nao. Miaka kumi na tisa nimekataa. Halafu nikafunga mlango wa kibanda, nikatandaza kitenge changu mwenyewe, nikakikata kiuno 36. Na ndani ya mshono, mahali ambapo kila mteja wangu namwachia inchi nzima ya kuongezea kesho, mimi nikajiachia nusu. Nilitaka kusiwe na njia ya kurudi.

Nimezunguka maduka ya vitenge mjini Ijumaa yote. Hakipo. Mhindi wa dukani alitazama kipande changu akasema hicho kilikwisha mwezi wa tatu.

Kilichobaki ni kilemba, nilichokwisha kukipinda kingo na kukipiga pasi. Usiku huu nimekikata vipande viwili virefu, kimoja kwa kila ubavu. Maua hayakutani vizuri upande wa kushoto, lakini mkono utafunika. Kichwani nitaenda na nywele zangu.

Nikamwita kitinda mimba wangu aje anipime, kwa sababu huwezi kujipima mgongo. Ana miaka kumi na moja, ameshinda kibandani tangu akiwa kwenye kanga, na mkanda anaushika vizuri kuliko wanafunzi wangu wengine. Akauzungusha, akauvuta, akasoma 38. Ndiyo namba iliyo kwenye daftari tangu Mei. Nikamwambia aandike.

Hakuandika. Alibaki ameushikilia mkanda, ananitazama usoni.

"Pumua, Mama."

Nikapumua. Akasoma tena: 39 na robo.

Nikamwambia aongeze nusu inchi, kwenye harusi kutakuwa na chapati.