Umeme wa HiAce yetu ulivyopangwa kuanzia kwenye friji ya mama

Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, zisipate joto na wala zisigande. Kwa hiyo tulipoamua kuigeuza HiAce yetu kuwa gari la kulala, ili tuwe tunakwenda naye Songea kutoka Dar es Salaam kwa mwendo wake bila kuhangaikia nyumba za wageni, suala la umeme kwangu halikuwa la starehe. Taa ikizimika tutawasha tochi. Friji ikizimika usiku kucha pale Mikumi, na lile joto, dawa ya mtu inaweza kuharibika.

Watu wakiona sola juu ya gari swali la kwanza ni wati ngapi. Mimi sikuanzia hapo. Nilianza na daftari na kalamu, nikaorodhesha kila kitakachotumia umeme, kinakula wati ngapi na kitawaka saa ngapi kwa siku. Wati ukizidisha kwa saa unapata wati-saa, na bila namba hiyo kila utakachonunua ni cha kubahatisha.

Friji tuliyochagua ni ya kompresa, ya volti 12 moja kwa moja, na ikiwa inafanya kazi inakula kama wati 45. Kompresa haiungurumi muda wote. Inawaka, inapooza, inapumzika. Lakini ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam haipati mapumziko marefu, kwa hiyo nikaihesabia saa 12 kwa siku: wati-saa 540. Feni ya wati 20 kwa saa 8 ni 160. Kompyuta mpakato yangu ya kazi, wati 60 kwa saa 3, ni 180. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa 4 ni 80. Simu 30, pampu ndogo ya maji 15. Jumla ni wati-saa 1,005. Friji peke yake imechukua zaidi ya nusu, na tangu hapo nikajua nani bwana mkubwa ndani ya gari lile.

Mapishi niliyaondoa kabisa kwenye hesabu. Birika la wati 2,000 kwenye mfumo wa volti 12 linavuta zaidi ya ampia 160, hapo bado hujaweka kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Chai inachemka vizuri tu kwenye mtungi mdogo wa gesi, nje ya gari, mlango ukiwa wazi.

Betri niliipanga itubebe siku mbili bila jua hata kidogo na bila kuwasha injini, yaani wati-saa 2,010. Betri za asidi zinadumu usipozinyonya kupita nusu, kwa hiyo ningehitaji uwezo mara mbili, wati-saa 4,020, ambazo ukigawa kwa volti 12 ni kama ampia-saa 335. Hizo ni betri nne za ampia-saa 100, kila moja karibu kilo 30. Kilo 120 za betri, halafu uipandishe gari mlima wa Kitonga! Lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye volti 12.8 na ampia-saa 200 inahifadhi wati-saa 2,560. Ukitumia asilimia 80 unapata 2,048, na uzito wake hauzidi kilo 30. Bei yake ni kubwa, sitaficha, ila kwa safari ya zaidi ya kilomita 900 na barabara zenye matuta kila kijiji nililipa bila kujuta. Tuliifunga nyuma, mbali na viti vya mbele, kwa sababu injini ya HiAce iko chini ya viti hivyo na joto ni adui wa betri.

Sola ikawa rahisi kuliko nilivyotarajia. Huku kwetu, karibu na ikweta, paneli iliyolazwa bapa juu ya paa haipotezi sana, hivyo sikuona haja ya mikono ya kuiinua. Nilihesabu saa 4 tu za jua kamili kwa siku, nikiwa nafikiria masika na mawingu, na nikakata asilimia 30 kwa sababu ya vumbi, joto na upotevu wa njiani. Paneli hupungua nguvu zikipata moto, jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Paneli mbili za wati 200: 400 mara 4 mara 0.7 ni wati-saa 1,120. Inatosha. Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ni ya MPPT (aina inayovuna nguvu zaidi kutoka kwenye paneli) ya ampia 30, kwa kuwa wati 400 zikiingia kwenye betri kwa volti 14 hivi zinakaribia ampia 29.

Chanzo cha pili ni altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ya gari kuzalisha umeme. Hapa nawasihi watu wasivute waya tu kutoka betri ya injini hadi betri ya lithiamu. Lithiamu ina kiu, inavuta ampia nyingi kwa mkupuo, na ukiwa kwenye foleni injini inazunguka polepole, altaneta haijipoozi vizuri, inaweza kuungua. Katikati tuliweka chaja maalumu ya volti 12 kwenda volti 12, yenye kikomo cha ampia 30. Inaingiza karibu wati 400, na inajizima injini ikizimwa, kwa hiyo asubuhi gari linawaka. Saa tatu za kuendesha zinarudisha matumizi ya siku nzima.

Sehemu iliyonikalisha usiku mwingi ni waya. Ninaamini mifumo mingi ya sola kwenye magari inaharibikia hapa, wala si kwenye paneli. Friji nyingi za volti 12 zina ulinzi wa betri: zikiona volti imeshuka zinajizima. Ila friji inapima volti inayoifikia yenyewe, haioni ile iliyopo kwenye betri. Kutoka betri hadi friji kwetu ni mita 4, kwenda na kurudi 8, na friji inavuta ampia 4. Waya wa milimita 1.5 za mraba unapoteza karibu volti 0.37, wa milimita 4 unapoteza 0.14. Kompresa ikianza inavuta zaidi, na pengo linaongezeka. Kwa waya mwembamba friji inaweza kujizima huku betri ina umeme tele. Nikaweka wa milimita 4, na sikutumia tundu la kuwashia sigara, maana kwenye mtikisiko plagi yake hulegea. Waya umekazwa kwa skrubu.

Nyaya za nyumbani, zile ngumu zenye uzi mmoja mnene, hazifai kwenye gari, mtetemeko unazikata. Chukua nyaya laini za nyuzi nyingi. Na Kariakoo nilikuwa na wembe mfukoni: kwangua uzi mmoja, ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule. Wauzaji wazuri hawakukasirika, wengine walinikwangulia wenyewe.

Fundi wetu wa mtaa wa Gerezani ni hodari wa umeme wa magari, lakini lithiamu ilikuwa ngeni kwake. Alipoiona michoro yangu akauliza, "Kaka, fyuzi zote hizi za nini?" Nikamwambia, "Fundi, hizi zinalinda waya, hazilindi kifaa. Betri hii ikipigwa shoti inatoa ampia maelfu." Akatulia, akaifuata kila mstari kwa kidole. Kisha akasema, "Basi hapa waya unapopita kwenye tundu la bati tuweke mpira, usije ukaliwa na ukingo." Hilo halikuwa kwenye mchoro wangu na ni la thamani kubwa. Fyuzi kuu ya ampia 150 iko ndani ya sentimita 20 kutoka betri, na kebo ya inveta ni ya milimita 35 za mraba, kwa kuwa inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kikamilifu inavuta zaidi ya ampia 90. Ila inveta tunaizima muda mwingi. Ikikaa imewashwa bila kazi inaweza kula wati 10, na kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, karibu nusu ya friji. Kompyuta nimeinunulia chaja ya volti 12.

Mama aliniuliza, "Baba, sasa mkiwasha taa zenu na mafeni usiku, dawa yangu itabaki salama?" Swali lile lilibadilisha mchoro mzima. Ndani ya betri ya lithiamu kuna bodi ya ulinzi. Chaji ikishuka mno inakata kila kitu, friji pamoja na simu, haichagui. Kwa hiyo niligawa mzigo makundi mawili. Friji ina njia yake, fyuzi yake, haiguswi. Taa, feni, pampu, chaja na inveta vinapitia relei, yaani swichi inayojikata yenyewe, inayoongozwa na kipimo cha chaji. Kipimo hicho kinahesabu ampia zinazoingia na kutoka, maana volti ya lithiamu haisemi ukweli; inakaa palepale hadi karibu na mwisho. Chaji ikifika asilimia 40 relei inakata kundi la pili, na friji inabaki na akiba ya karibu siku nzima. Pia tunabeba boksi la kupoozea na barafu zake, kwa sababu hakuna mtambo usiokufa.

Kabla ya Songea tulilijaribu gari uani kwetu, paneli tukazifunika kwa turubai, friji ikajazwa chupa za maji. Siku za joto kali ilikula zaidi kidogo ya wati-saa 540, nafasi niliyoacha ikatosha. Njombe mwezi wa Julai ilikuwa kinyume, baridi ile kompresa iliwaka mara chache mno, nikaanza kuhofia dawa kuganda badala ya kuharibika kwa joto. Kipimajoto ndani ya friji, kando ya chupa zenyewe, kilionyesha kati ya nyuzi 4 na 6, lakini nilihamisha chupa zisiguse ukuta wenye baridi zaidi.

Kilichobaki ni chaja ya umeme wa nyumbani, ya volti 230, kwa ajili ya siku tunazokaa kijijini gari likiwa chini ya mwembe. Nafasi ya fyuzi yake ipo na waya umeshavutwa. Tundu la kuingizia umeme litatobolewa ubavuni, nyuma ya gurudumu la kulia, na kabla umeme haujagusa kitu chochote ndani utapita kwenye breka inayokata pale umeme unapovuja.