Hebu tuongee kuhusu set

Kuna neno la Kizungu tunalitumia hapa Nairobi kutwa kucha na hakuna mtu hulipa heshima yake, na hilo neno ni set. Herufi tatu tu. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ilitumia karibu maneno 60,000 kueleza kitenzi set peke yake, maana zaidi ya 430, na kwa kamusi hiyo hakukuwa na neno lingine lenye maelezo marefu hivyo. Baadaye walipoandika upya run ikapita, maana 645, lakini mimi bado niko upande wa set juu ndiyo tunaishi nayo.

Angalia mjengo wowote, uwe Kayole ama Ruaka. Asubuhi fundi anaanza na kuset nyumba, yaani anagonga vigingi na kuvuta kamba kuonyesha kuta zitapita wapi, na kona anaipata na ile hesabu ya tatu nne tano: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, mshazari ukisoma 5 basi kona iko skwea. Mchana wakishamwaga zege huyo huyo fundi anamfokea mtu wa mkono "usikanyage hapo, haijaset!" Kazi mbili mbali kabisa, neno moja, na hakuna anayechanganyikiwa. Halafu kuset si kukomaa, hapo watu wengi hukosea, zege inashika baada ya masaa tu lakini nguvu yake hupimwa siku ya 28, kwa hivyo ukiona imeset usikimbilie kuibebesha mzigo.

Saluni wanakuosha nywele na kukuset na rola. Mwalimu anaset mtihani, alamu inasetiwa saa kumi na moja, na ukiulizwa kama uko tayari kutoka unajibu niko set. Malkia Strikers wakicheza voliboli, set ni kipindi cha alama 25, ile ya tano alama 15, na hapo hapo kuset ni kuuinua mpira kwa vidole ili mwenzako aupige, kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Jane Wacu.

Kilichonifungua macho ni asili yake. Set ni mtoto wa sit. Sit ni keti, set ni ketisha, vile tu sisi tunaongezea kitenzi -sha. Ukishashika hapo mengi yanajipanga yenyewe: mfupa uliovunjika unaketishwa mahali pake, kito kinaketishwa kwa pete, mayai yanaketishwa chini ya kuku, jua nalo linaketi. Kiswahili kilienda njia nyingine, kila kazi ikapewa kitenzi chake. Mtego unategwa, mfupa unaungwa, mtihani unatungwa, meza inaandaliwa, jua linatua. Mimi napenda sana huu utajiri, na naumia nikisikia mtoto akisema "kuset mtego" wakati kutega iko hapo, fupi, na ukiisikia tu unamwona mwindaji.

Lakini kuna set ingine isiyo na undugu na keti. Ile ya seti ya vikombe, seti ya sufuria, seti za hesabu, hiyo ilitoka Kilatini, secta, ikapitia Kifaransa cha zamani, maana yake kundi la wafuasi, damu moja na neno sect. Zilikutana tu njiani zikafanana sura, na hadi leo wengi hudhani ni neno moja.

Wanaosumbua wanafunzi zaidi ni vile vijineno vinavyofuata nyuma. Set off ni kufunga safari, na pia ni kuamsha alamu ama kulipua fataki. Set back ni kurudisha nyuma. Set up ni kuanzisha biashara, kufunga mitambo, ama kumtega mtu aonekane mkosaji, na hii ya mwisho sisi tumeikata mkia, mtu akisema "walimset" mtaa mzima unaelewa aliwekewa mtego. Sasa mwanafunzi akiandika they set him kwa insha ya Kizungu sentensi inabaki inaning'inia, msomaji anangoja up haiji, na alama zinaenda. Kukariri orodha ya maana haisaidii hapo, set inafaa isomwe pamoja na jirani yake na sentensi nzima.

Mpwa wangu sai ana daftari ambalo kila ukurasa ni set na jirani mmoja. Set in ndiyo aliielewa haraka zaidi juu ya mvua ya Aprili, the rains have set in, zimeingia na zimekaa, si manyunyu ya kupita. Set about bado inamkanganya, hiyo tutaifanya Jumamosi.