Karoti 16 kwenye mraba mmoja: siku yangu ya Julai hapa Mtwivila

Saa 12:15 asubuhi

Mwezi wa saba Iringa, kutoka kitandani ni kazi. Kiza hakijaisha, upepo umeshikana na mabati tangu usiku wa manane. Nawasha jiko, nabandika chai, kisha nakinga maji ndoo mbili na kuzipeleka uani, pale jua linapoanza kufika. Msimu huu simwagilii alfajiri. Maji ya bomba yana baridi ya kuumiza vidole, na miche nayo inaisikia. Zaidi ya hapo, majani yakishinda na unyevu kwenye baridi, ugonjwa wa ukungu haukawii. Ndoo ziote jua kwanza, nitazigusa mchana.

Saa 1:00 asubuhi

Kumepambazuka. Najifunga kitenge mabegani, nakwenda kukagua maboksi yangu ya mboga. Ninayo matatu, yote ya mabanzi ya paina kutoka Mafinga, kila moja futi 4 kwa futi 4. Juu ya kila boksi nimevuta kamba za katani, tatu za kwenda na tatu za kukatiza, nikapata miraba 16 ya futi moja moja.

Wateja wanaokuja kuchukua nguo huuliza kama zile kamba ni pambo. Hapana, kamba ndizo zinazoipanga bustani yenyewe. Njia hii ya kulima kwa miraba ya futi moja ilianzishwa na Mmarekani mmoja, Mel Bartholomew, mhandisi aliyestaafu, na kitabu chake cha kwanza juu yake kilitoka mwaka 1981. Aliona watu wanapanda mistari mirefu, wanaacha njia pana katikati, halafu wanapoteza nguvu kupalilia njia ambazo hazina mboga. Akaziondoa njia. Hizo futi 4 nazo hazikuja hivi hivi: mkono wa mtu mzima unafika futi 2 bila taabu, kwa hiyo ukizunguka boksi unagusa kila mmea, na mguu haukanyagi udongo hata siku moja. Udongo usiokanyagwa haushikamani, wala hauhitaji jembe. Boksi la kuegemea ukuta lifanye la futi 2, kwa sababu utalifikia kwa upande mmoja tu.

Mimi ni fundi cherehani, nashinda na futi kamba shingoni, kwa hiyo hesabu yake niliishika siku ile ile. Mmea unaotaka nafasi ya inchi 12, kama kabichi au hoho, unakaa peke yake kwenye mraba. Wa inchi 6 wanakaa wanne: saladi, spinachi. Wa inchi 4 ni tisa: maharage, bitiruti. Wa inchi 3 ni kumi na sita, na hao ni karoti.

Leo mraba wa pili una msiba. Mche wa kabichi umelala chali, shina limekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe. Huyu ni sota, kiwavi anayekata miche, na sota akishakula haendi mbali. Nachokonoa kwa kidole kuzunguka kisiki, kina cha pingili moja hivi, na huyo hapo: amejikunja duara kama kifungo cha koti, rangi yake ni ya udongo ule ule. Namponda. Kwenye makopo ya kitalu nina miche mitatu ya akiba, nachukua mmoja na kuuvalisha kola ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo, nusu nje. Sota hutafuna shina kwa kulizunguka, na akikuta kola anashindwa.

Saa 2:00 asubuhi

Cherehani. Sketi za shule za marinda, kumi na moja, na mzazi mmoja ameshapiga simu mara mbili.

Saa 4:30 asubuhi

Bibi wa nyumba ya pili anapiga hodi, kikapu mkononi.

“Shikamoo bibi, kamwene.”

“Marahaba mwanangu, kamwene. Nipe mboga ya buku.”

Namchumia spinachi, majani ya nje tu, moyo nauacha uendelee kutoa. Anaangalia kamba, anatikisa kichwa.

“Mwanangu, mbegu ukizihesabu hivi, utashiba kweli?”

“Bibi, nikimwaga pakiti nzima leo, zote zitakomaa siku moja. Nani atakula saladi sitini ndani ya wiki? Napanda mraba mmoja leo, wiki ya tatu mwingine. Ndiyo maana hukosi mboga ukija.”

“Na mahindi je?”

“Mahindi hapana, bibi. Hayo ni ya shambani kwako Kilolo.”

Akacheka, akaridhika. Na ndivyo ninavyoamini. Anayekwambia boksi la uani litakulisha nyumba nzima anakupotosha. Viazi, mahindi na maboga vinataka ardhi. Boksi ni la mboga, na kwa mboga halina mpinzani: maji kidogo, magugu machache, na unachuma kitu dakika tano kabla hakijaingia sufuriani.

Saa 7:00 mchana

Ugali, dagaa, spinachi ya kukaanga na kitunguu. Nakula haraka, kwa sababu mraba wa saba unanisubiri.

Saa 8:00 mchana

Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Jua limeshika uani, ndoo zina maji ya uvuguvugu, na leo navuna karoti nilizopanda wiki ya pili ya Aprili. Kila tundu niliweka mbegu mbili. Zilipoota, ya ziada niliikata kwa mkasi mdogo wa nyuzi. Sikuing'oa, kwa maana mche ukiung'oa unatikisa mzizi wa jirani yake, na karoti iliyotikiswa utotoni inakua imepinda.

Nashika majani kwa chini kabisa, nazungusha kidogo, navuta. Inatoka na ule mlio mdogo wa udongo kuachia. Nahesabu 14 nzuri, mbili zimeota miguu miwili kama suruali. Hizo mbili zilikutana na kijiti ambacho hakijaoza, na ni kosa langu la kutochekecha mboji vizuri.

Mraba hauruhusiwi kulala mtupu. Naumwagia makonzi manne ya mboji, nachanganya kwa mkono, nasawazisha. Bartholomew mwenyewe alitaka mchanganyiko wa theluthi tatu: mboji, pit mosi (mabaki ya mimea ya kinamasi) na vermikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji). Hivyo viwili vya mwisho sijawahi kuviona kwenye maduka ya pembejeo ninayoyafahamu. Mimi natumia madebe mawili ya mboji, debe moja la pumba za mpunga wa Pawaga nilizozichoma mpaka zikawa nyeusi (nazizima kwa maji kabla hazijawa jivu), na debe moja la udongo wa juu. Yeye alisema kina cha inchi 6 kinatosha. Kwa kuwa wangu una udongo ndani yake, najaza inchi 8. Kipimo changu ni kukamata konzi na kulibana: likishikana, kisha likaachia ukiligusa kwa kidole gumba, hapo uko sawa.

Mboji nairudia kila mtu anaponiuliza, na nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua viroba vitatu vya samadi ya kuku. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba imeiva. Ilikuwa inanuka kama mkojo, na mimi nikamwamini mdomo wake nikaiacha pua yangu. Siku ya nne saladi zilikuwa zimeungua kingo, kahawia, kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto. Boksi zima, miraba yote 16. Niliumia sana, maana pesa ile ilikuwa ya ada ya mtoto. Tangu siku hiyo, samadi yoyote inayoingia hapa naichanganya na majani makavu, nailoweka na kuigeuza, na siitumii kabla sijauingiza mkono katikati ya lundo. Likiwa na joto, bado. Likinuka mkojo, bado. Iliyoiva inanukia kama ardhi mvua ya kwanza inapogusa vumbi.

Palipokuwa na mzizi sasa naweka jani: spinachi. Nachora msalaba kwa kidole katikati ya mraba, napata robo nne, kila robo mche mmoja. Nazungushia nyasi kavu, namwagilia kwa kopo pale shinani, taratibu, bila kulowesha majani.

Saa 10:00 jioni

Mwalimu mmoja aliyepanga Kihesa amekuja kuchukua gauni, tukaishia uani. Mwenye nyumba wake hataki uwanja uchimbwe. Nikamwambia hakuna kuchimba: tandika karatasi za maboksi chini kuzuia magugu, weka fremu juu, jaza. Aanze na boksi moja tu, na alitafutie mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe asiliweke kabisa.

Saa 12:15 jioni

Upepo umerudi. Natandaza viroba vilivyopasuliwa upande unaotoka upepo, nafunga kwenye vigingi, natazama tena ile kola ya kabichi.

Saa 2:30 usiku

Sketi ya kumi na moja imekwisha kupigwa pasi. Nafungua daftari: “Boksi la kwanza, mraba 7: karoti 14 nzuri, 2 mbovu. Spinachi 4 zimeingia. Chekecha mboji. Mraba 2: sota, kabichi mpya.” Nusu ya karoti nimezitia kwenye mfuko na kuutundika mlangoni. Kesho bibi akipita kwenda sokoni, nitampa.