Spea za Miguu ya Runx: Nilipolipia Orijino na Nilipokataa

Gari langu ni Toyota Runx ya mwaka 2003, na miezi michache iliyopita lilianza kugonga mguu wa mbele kushoto kila nilipovuka tuta, mlio mkavu uliokuwa ukipotea nikishika lami nzuri. Fundi alilinyanyua kwa jeki, akapitisha mtaimbo kati ya wishboni (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) na fremu, akausukuma kidogo tu, nami nikaiona bushi ya nyuma, yaani kiungo cha mpira kinachoshika wishboni, ikiachama: mpira ulikuwa umechanika karibu nusu ya mduara. Stabilaiza linki, kijiti kinachounganisha mguu na chuma cha kuzuia gari kulala upande, ilikuwa ikicheza, na shokapu ya upande huo ilikuwa imelowa oili. "Kaka, hapa ni miguu yote ya mbele," alisema. "Unataka orijino au za kawaida?"

Swali hilo husikika jepesi, lakini dukani neno "orijino" hubeba vitu vitatu tofauti: spea iliyo ndani ya boksi la Toyota, spea ya kiwanda kinachoiuzia Toyota ila imo ndani ya boksi la kiwanda chenyewe, na spea iliyofunguliwa kwenye gari kuukuu la Japani. Ya tatu ni orijino kweli, lakini imeshatumika, na kwa upande wa shokapu mimi siitaki kabisa, kwa sababu sili yake ya oili imeshafanya kazi miaka mingi kabla ya kunifikia. Wishboni ya mtumba ningeikubali, maana ni chuma tu, ilimradi haijapinda na bushi zake zinabadilishwa.

Kwenye shokapu sikuona sababu ya kulipia boksi la Toyota. KYB, kampuni ya Japani ambayo historia yake inaanzia mwaka 1919, huwatengenezea shokapu watengenezaji wa magari, Toyota wakiwemo, na huuza pia kwa jina lake. Sidai kwamba shokapu ya dukani ni ile ile iliyotoka na gari. Niliyofunga mimi ni ngumu kidogo kuliko nilivyozoea, na kwa barabara ya mtaani kwetu sijaijutia.

Bushi ndizo zilizonifanya nilipe zaidi. Bushi ya wishboni si mpira wa kuzuia kelele tu, kwani ugumu wake na nafasi zilizoachwa ndani yake vimepangwa ili mkono urudi nyuma kidogo gurudumu linapogonga shimo, bila gari kuyumba unapokanyaga breki. Mpira wa bei rahisi huwa mgumu mno au laini mno, na kwa kuutazama huwezi kujua. Wapo wanaosifia bushi za poliyurethani (plastiki ngumu) kwa kudumu, lakini hupitisha mtetemo mwingi ndani ya gari na hulia zikikauka grisi, kwa hiyo naona zinafaa zaidi magari ya mashindano kuliko gari la kupeleka watoto shule.

Hata hivyo, bushi orijino huuawa na ufungaji. Ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia kwenye jeki, gari likishushwa mpira unabaki umejinyonga muda wote, na hautachukua muda kuchanika. Nilimwomba fundi aingize boliti bila kuzikaza, ashushe gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, ndipo akaze. Alinung'unika, akatandika gunia, akajipenyeza chini na spana ndefu.

Kwa linki na boljointi (kiungo cha duara kati ya wishboni na gurudumu) nilichukua 555 ya kampuni ya Sankei ya Japani, chapa ambayo mafundi wengi wanaiamini na ambayo, kwa sababu hiyo hiyo, huigwa sana. Linki nilizokuwa nimefunga kabla ya hizo, zisizo na jina lolote la kueleweka, zilidumu miezi minne. Kofia zake za mpira zilipasuka, mchanga ukaingia, grisi ikageuka tope.

Boksi peke yake halithibitishi kitu, kwa kuwa uchapaji ni rahisi kuiga. Mimi huanza na namba. Namba ya spea ya Toyota huwa na tarakimu kumi, na tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa: 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ni ya kushoto, 48820 ni stabilaiza linki. Muuzaji mmoja aliniletea maboksi mawili ya orijino, yote yakianza na 48510, akaapa kwamba ni pea. Nilimrudishia na kumshukuru. Ni vyema kwenda na namba ya chasisi ili namba nzima itafutwe kwa gari lako, si kwa "Runx" kwa ujumla.

Kosa langu lilikuwa kubana matumizi mahali pasipostahili. Niliacha maunti za juu za shokapu, vishikio vyenye mpira vinavyoifunga kwenye bodi, zile za zamani kwa kuwa zilionekana nzima. Baada ya wili alaimenti (kunyoosha magurudumu) gari lilikwenda sawa, mlio wa kwenye matuta ukanyamaza, lakini nikikata usukani nikiwa nimesimama nilisikia springi ikiruka juu ya mpira uliochoka. Wiki iliyofuata nilinunua maunti mbili, shokapu zikashushwa tena, springi zikabanwa upya, na nikalipa ufundi mara ya pili pamoja na alaimenti nyingine.