Leo ndo nimeimaliza Mass Effect 3

Jamani nimeimaliza usiku huu, nimebaki nimeikodolea macho tv tu.

Gemu ya 2012 hii, BioWare wa Edmonton kule Kanada, na ilivyotoka wachezaji waliwaka balaa kisa ule mwisho, unachagua nyekundu, bluu au kijani halafu kinachofuata karibu kilekile.

Sasa kilichoniacha hoi, mashabiki wakachangishana wakawatumia BioWare keki ndogondogo kama 400, krimu za rangi hizohizo tatu ila ndani zote vanila 😂😂 yani tusi tamu.

Juni wakatoa mwisho ulioongezwa, bure. Sawa, ila mimi bado nipo kwa Mordin, yule mwanasayansi wa kwenye gemu, anapanda lifti halafu kule juu anaimba, machozi yalinitoka.

Nyie mlichagua rangi gani? Mie kijani, msinicheke.