Mwani mwekundu kwenye sinia la njugu

Mimi ni mtoto wa Kisumu. Maji ninayoyajua ni ya ziwa pale Dunga, yenye samaki na gugu maji. Kwa hiyo mhadhiri alipoanza kueleza uzazi wa Polysiphonia, mwani mwekundu wa baharini, niliandika kila neno na sikuelewa kitu. Jaribio la kwanza nilipata 9 kwa 30.

Kilichonishinda ni kuhesabu vizazi. Mimea niliyoizoea ina viwili: kimoja cha seti moja ya kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi), kingine cha seti mbili. Mwani huu una vitatu.

Jumamosi moja nikamkuta mama akimenya njugu. Ganda lina punje mbili, nikashtuka. Si ndizo seti mbili hizo? Punje iliyo peke yake ni seti moja. Nikaomba sinia.

Nikaweka mwani dume na mwani jike, punje mojamoja. Seli za kiume hazina mkia wa kuogelea. Zinabebwa na maji mpaka zinase kwenye unywele unaochomoza kutoka seli ya yai. (Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kuna mwani mwekundu mwingine, Gracilaria gracilis, ambao seli zake za kiume hubebwa pia na wanyama wadogo wa baharini, kama nyuki na chavua. Kwenye notisi hilo halikuwepo, na ndilo nililolipenda zaidi.)

Punje mbili zikaingia ganda moja. Hapo ndipo nilipokuwa nikipotea, maana nilidhani yai lililorutubishwa linamwacha mama na kwenda kuota. Kumbe linakulia palepale juu yake, likila chakula chake, mpaka linakuwa kizazi kizima: kaposporofiti. Hicho nacho kinatoa spora nyingi, yaani chembe za kuotesha mwani mpya, zote za seti mbili. Yaani mbegu moja ya kiume iliyobahatika kufika inaleta watoto tele.

Spora hizo zikitoka huota tetrasporofiti, mwani ambao kwa umbo ni kama wale wa mwanzo tu. Humo ndimo seti hupunguzwa. Kromosomu hujinakili kwanza, kwa hiyo nilichukua maganda mawili, nikayapasua, zikatoka punje nne: spora nne, mbili za kuota dume, mbili za kuota jike. Nikarudi nilipoanzia.

Nilirudia mara sita hivi. Ya saba haikuwezekana, mpwa wangu alikuwa amekula madume yote.

Jaribio la pili nilipata 24. Nilipompigia mama kumweleza, alikuwa na swali moja.

"Huyo mtoto asiyeshuka mgongoni kwa mamake, anazaa akiwa hapohapo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mamake anamlisha tu?"

"Anamlisha."

Akaguna, akaniuliza nitarudi lini nimlipe njugu zake.